Kukausha Katikati ya Masika

Mwezi wa Aprili Kigali hulowa. Mawingu hupanda kutoka bonde la Nyabarongo, hujikusanya juu ya Mlima Kigali, kisha mvua hushuka Nyamirambo, ikavuka bonde, ikazipata Kimihurura na Kacyiru. Nguo zilizoanikwa asubuhi hurudishwa ndani jioni zikiwa bado mbichi, na chumvi hushikana mkebeni. Majira hayohayo, ndani ya mzinga uliotundikwa mtini pembezoni mwa mji, maelfu ya nyuki wanapokea maji matamu ya maua, ambayo aghalabu zaidi ya nusu yake ni maji matupu, na kuyakausha hadi yawe kitu kinachoweza kukaa kabatini miaka na miaka bila kuoza.

Nyuki husifiwa sana kwa bidii ya kukusanya. Anastahili sifa hiyo, ila naona inampunja, kwa kuwa inaishia mlangoni mwa mzinga. Chozi naye hukusanya. Kipepeo hukusanya, na popo wa usiku hukusanya. Wote hao hunywa wakaondoka, maana maji ya ua yakiwekwa siku mbili tatu penye joto huchacha. Nyuki amepata njia ya kuyafukuza maji na kuubakiza utamu, na hapa kwetu anaifanya kazi hiyo katika hali ngumu kupita kiasi: maua huchanua kwa sababu mvua imenyesha, kwa hiyo mavuno yake humjia wakati uleule ambapo hewa imejaa unyevu. Huo ndio ufundi ninaotaka tuutazame taratibu.

Maji hayo ya ua huitwa mbochi. Mti huyatengeneza kutokana na sukari iliyopikwa majanini kwa mwanga wa jua, ukayaweka kwenye tezi ndogo chini ya petali ili mgeni aingie, ajipake chavua, aende nayo kwenye ua jingine. Ndani yake mna sukari za aina tatu hasa: sukrosi, ambayo ndiyo sukari yetu ya chai, pamoja na glukosi na fruktosi. Kiasi chake hakikai mahali pamoja. Ua lililofunguka kuelekea angani huzimuliwa na mvua, ilhali lililoinama huhifadhi lililo nalo. Jua la saa tano hukausha kidogo na kuukoleza utamu. Yapo maua ambayo sukari haifiki asilimia 20, na yapo yanayozidi 50.

Mji huu una malisho mengi kuliko wapita njia wanavyodhani. Kuna mikaratusi, iliyoletwa enzi za ukoloni na kuenea karibu kila kilima cha Rwanda. Kuna migrevilea mipakani mwa mashamba, na miparachichi katika nyua za watu. Kuna jakaranda za barabarani. Kuna kahawa kwenye vilima vinavyouzunguka mji, ambayo maua yake meupe hufunguka yote kwa pamoja siku chache baada ya mvua kukivunja kiangazi, yakanukia bonde zima, kisha yakapukutika upesi. Kuna kaliandra, kichaka kinachopandwa kwenye matuta kwa ajili ya malisho ya mifugo: maua yake mekundu hufunguka jioni kwa ajili ya popo na nondo, na nyuki huamkia masazo yao alfajiri. Kuna umubirizi, ule mti mchungu wa dawa. Hata kishona nguo, gugu linalong'ang'ania suruali zetu tukikata njia uwanjani, lina kitu chake cha kutoa.

Halafu kuna Nyandungu. Bonde hilo lililo karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe lilikuwa kinamasi kilichochakaa. Likarudishiwa uhai wake, na mwaka 2022 likafunguliwa kwa umma likiwa bustani ya mazingira yenye hekta zipatazo 121, ambamo ilipandwa miti zaidi ya 17,000 ya aina 55 za asili. Watu huenda pale kutembea, kuendesha baiskeli na kupiga picha za harusi. Ukienda asubuhi, baada ya usiku wa mvua, simama mbele ya kichaka kimoja kilichochanua na uchague nyuki mmoja wa kumfuata kwa macho. Utaona mambo ambayo haraka haiyaoni.

La kwanza, hachanganyi. Akianza na ua la aina moja, safari nzima hubaki na aina hiyo, hata akipita juu ya maua mengine yaliyojaa. Kila ua lina mlango wake na siri yake, na kujifunza kulifungua kunachukua muda, kwa hiyo aliyekwisha kujua moja hana sababu ya kupoteza muda kwa jingine. La pili, mara nyingine husogea karibu na ua, akasita hewani, akaliacha bila kutua. Amenusa alama: nyuki aliyetangulia huacha harufu hafifu inayosema kwamba hapa pameshanywewa, na harufu hiyo hufifia kadiri ua linavyojaa tena. La tatu ni ulimi wenyewe, wa milimita 6 hivi, uliofunikwa vinyweleo vinavyosimama na kulala kwa kasi vikichota maji. Anatua, anachovya, anaondoka. Maua hamsini, mia, wakati mwingine zaidi ya hapo, kwa mzigo mmoja.

Mzigo wenyewe haumezwi kuwa chakula chake. Nyuki ana tumbo la pekee la kubebea, lililotangulia tumbo la kula, na kati ya hayo mawili pana kilango chenye midomo minne. Midomo hiyo huchuja chembe za chavua kutoka kwenye mbochi na kuzisukuma nyuma, na kikifungwa hakipiti kitu. Akiishiwa nguvu njiani hukifungua kidogo, akajipa tone la kumfikisha nyumbani. Yaliyobaki si yake. Tukadirie mzigo wa miligramu 30, kwa mdudu ambaye yeye mwenyewe hafiki miligramu 100.

Kabla mzigo haujapokelewa, kuna habari ya kutoa. Karl von Frisch, mtaalamu wa wanyama kutoka Austria, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuisoma habari hiyo, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Alichokigundua kinajulikana kwa wengi: nyuki aliyepata malisho mazuri hucheza gizani juu ya sega lililosimama wima, akikimbia mbele huku akitikisa tumbo, akageuka, akarudia. Pembe kati ya mstari wa ngoma yake na wima wa juu ni sawa na pembe kati ya jua na malisho. Muda wa kutikisika ndio umbali, takriban sekunde moja kwa kilomita moja. Wenzake humfuata kwa kumgusa, wakatoka wakielekea walikoambiwa.

Sehemu kubwa ya sayansi hiyo ilifanyiwa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako jua la saa sita mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Kigali iko kama nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na hapa jua lina tabia nyingine kabisa. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, saa sita jua hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini. Kati ya vipindi hivyo kuna siku chache ambapo hupita juu ya utosi barabara, na kivuli cha mtu aliyesimama wima hukusanyika chini ya nyayo zake. Jua likiwa utosini halioneshi upande wowote. Dakika chache kabla lilikuwa mashariki, dakika chache baadaye liko magharibi, na ramani nzima iliyojengwa juu yake inapinduka kwa muda mfupi kuliko safari moja ya malisho.

Martin Lindauer, mwanafunzi wa von Frisch, alilifuatilia jambo hilo Sri Lanka katika miaka ya 1950. Alikuta kwamba jua likikaribia utosi kwa nyuzi mbili au tatu, nyuki huchanganyikiwa, na ngoma hukoma mpaka lisogee. Napenda sana kulifikiria jambo hilo katikati ya Machi hapa Kigali, mikaratusi ikiwa imechanua, kazi imepamba moto, halafu saa sita inapigwa na mzinga wote unakosa dira kwa muda.

Na dira yenyewe kila nyuki huianza upya. Maisha ya nyuki mfanyakazi katika majira ya kazi hayazidi wiki sita hivi. Aliyeanza kuruka nje mwezi wa Februari alijifunza jua la kusini, na mdogo wake wa Mei anajifunza jua la kaskazini, ilhali dada wa kumfundisha ameshakufa. Katika siku zake za kwanza nje, kila mmoja huzunguka mbele ya mzinga akiusoma mwendo wa jua juu ya vilima, akaukariri. Wingu likifunika sehemu tu ya anga, kipande kidogo cha bluu kinamtosha, kwa kuwa macho yake huona jinsi mwanga wa anga ulivyopangika. Wingu likifunika anga lote, hutegemea vilima vyenyewe: anajua kwamba kilima hiki kikiwa kushoto kwake, jua saa hizi lazima liwe pale, ingawa halioni.

Sasa turudi kwenye mzigo. Mkusanyaji akiingia hamimini mbochi kwenye sega. Hutafuta nyuki mdogo zaidi yake, wa umri wa wiki mbili hivi, ambaye bado hajaanza safari za nje, naye humnyonya mdomoni mpaka tumbo la mbebaji linabaki tupu. Mbebaji hugeuka na kutoka. Hapo kazi imebadili mikono, na mpokeaji ndiye fundi ninayemstahi kuliko wote, labda kwa sababu haonekani na hatajwi.

Wapokeaji wakiwa wachache kuliko mzigo unaoingia, foleni huanza. Mkusanyaji anayezunguka muda mrefu bila kupata wa kumpokea huacha kutangaza malisho. Badala yake hutembea polepole katika masega huku mwili ukitetemeka, akigeukageuka huku na huku. Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell alionesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtetemeko huo ni wito: nyuki zaidi waache walichokuwa wakifanya, waje kupokea. Hakuna msimamizi anayehesabu. Muda wa kusubiri wa nyuki mmoja ndiyo hesabu.

Kumbuka kwamba mpokeaji huyo siku chache tu zilizopita alikuwa mlezi. Katika kichwa chake mna tezi zilizokuwa zikitoa maziwa ya watoto. Sasa tezi zilezile zimebadili kazi na zinatoa vimeng'enya vya asali, na kwa hili sina neno ila kushangaa. Kimeng'enya kimoja huikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa hizo mbili unaweza kukolea mno bila kugeuka punje, kuliko sukari ya chai ingeweza. Cha pili hushughulika na glukosi na kutoa asidi pamoja na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Wakati wake ndio unaonivutia. Hufanya kazi mbochi ikiwa bado nyepesi, yaani katika siku zile hasa ambapo inaweza kuchacha, na hunyamaza asali ikishakolea. Kwa maneno mengine, nyuki hutia kinga ndani ya kitu wakati bado anakikausha. Asali ikizimuliwa tena kwa maji, au kwa unyevu wa kidonda, kimeng'enya huamka na kuendelea pale kilipoachia.

Kukausha huanza mdomoni. Mpokeaji hutafuta nafasi tulivu kwenye sega, akainua kichwa, akatoa tone dogo kati ya taya na ulimi, akalitandaza liwe utando mwembamba, akalirudisha ndani, akalitoa tena. Kwa dakika 15 au 20 hafanyi kingine. Kisha hutafuta chumba kitupu na kulitundika tone hilo kwenye dari au ukutani, dogo na jembamba, ili hewa iliguse kila upande. Ndiyo maana ukifungua mzinga katika majira ya mavuno mazuri utakuta vyumba vingi vyenye kidogo kidogo. Mgeni hudhani ni uzembe. Nyuki wanahitaji nafasi kubwa ya kuanika kuliko ya kuhifadhi, na mzinga uliobanana huchelewa kukauka hata nje kukiwa na maua mengi.

Rwanda inaelewa maana ya kuanika. Kwenye vituo vya kuoshea kahawa, buni iliyotoka majini hutandazwa juu ya vichanja virefu vya wavu, ikageuzwa kwa mkono siku nzima, ikafunikwa turubai wingu likitokea, mpaka unyevu wake uteremke kufikia asilimia 12 au chini kidogo. Kazi ya nyuki ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba wao hawana jua. Mzinga ni giza. Joto lazima walitoe miilini mwao, na upepo lazima waufanye kwa mabawa.

Hapo ndipo mvua ya Aprili inapopata jibu lake. Chukua hewa ya usiku wa masika, nyuzi 18, iliyoshiba mvuke kiasi cha kutoweza kuongeza hata kidogo. Nje, hewa hiyo haikaushi kitu. Iingize mzingani, ambako nyuki hutetemesha misuli yao ya kurukia bila kuruka na kudumisha karibu nyuzi 35 katikati ya masega. Mvuke uliomo ni uleule, lakini hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo hewa iliyokuwa imeshiba kabisa sasa imejaa asilimia 37 hivi tu ya uwezo wake. Imekuwa hewa kavu, na inapopita juu ya matone inayanyang'anya maji. Asali yenye maji asilimia 18 huendelea kutoa maji ikiwa katika hewa yenye unyevu ulio chini ya asilimia 60 hivi, na hunyonya maji ikizidi hapo. Nyuki wa Kigali, mvua ikiwa inapiga juu ya mzinga, wanaishi upande wa chini wa mstari huo kwa sababu wameamua kuwa na joto.

Hewa ikishachukua maji lazima itoke. Simama pembeni mwa mzinga jioni ya siku ya mavuno, usizibe njia, na utaona nyuki wamejipanga mlangoni, vichwa vimeelekea ndani, miguu imeshika ubao, mabawa hayaonekani kwa kasi. Wanavuta hewa ya ndani na kuitupa nje. Upande mmoja wa mlango huwa wa kutolea, na upande mwingine, usio na wapepeaji, huachwa hewa mpya iingie yenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza jinsi mpangilio huo unavyotokea: kila nyuki huhisi joto pale aliposimama, na penye hewa ya moto zaidi ndipo anapoelekea kupepea. Hewa ya moto ikitoka hapo huwavuta wapepeaji wengine hapohapo, na sehemu yenye ubaridi huachwa wazi. Harufu inayotoka jioni hizo ni nzito na tamu, na mfugaji aliyezoea huweza kutambua kwa pua ni maua gani yanayokaushwa usiku huo.

Hesabu yake inasaidia kuona ukubwa wa kazi. Kilo moja ya asali yenye maji asilimia 18 ina gramu 820 za sukari. Ikiwa mbochi ilikuwa na sukari asilimia 30, ilibidi ziingie kilo 2.7 za mbochi, yaani mizigo 90,000 na zaidi ya miligramu 30 kila mmoja. Na maji yaliyotolewa kwa kupepea ni zaidi ya kilo moja na gramu 700. Kwa kila chupa ya kilo moja inayouzwa sokoni Kimironko, maji karibu lita moja na robo tatu yamepitia kwenye ule mlango mdogo yakiwa mvuke, katikati ya hewa ya mji uliolowa.

Asali ikikaribia kuiva, matone huunganishwa na vyumba hujazwa. Vyumba vyenyewe vimeinuliwa kidogo upande wa mdomo, ili asali isimwagike kabla haijafunikwa. Mwishowe hufunikwa kwa nta, ambayo nyuki huitoa vipande vyembamba kutoka chini ya tumbo, akavitafuna vikalainika. Mfuniko huo ndio tamko lao kwamba kazi imekwisha. Bila huo, asali ingeanza kuvuta tena unyevu wa hewa, kwa kuwa ina kiu ya maji kuliko vitu vingi tunavyoweka jikoni.

Binadamu akisubiri mfuniko huo, kazi yake inakuwa nyepesi. Asipousubiri, ameharibu kazi ya maelfu kwa tamaa ya siku chache. Wafugaji nyuki, abavumvu wa Rwanda, wanalijua hilo tangu zamani, maana asali ilikuwa na heshima kubwa katika nchi hii: ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyopelekwa kwa mwami kama kodi, na pombe yake ilikuwa kinywaji cha wakubwa. Mizinga yao ya asili hufumwa kwa fito au matete, ikakandikwa samadi ya ng'ombe na kuvikwa majani makavu ya migomba, nayo hutunza joto vizuri. Tabu yake iko kwenye kurina: masega yameshikamana na kuta, na mrina hawezi kulitoa moja, akalitazama, akalirudisha. Mrina mzoefu huanza nyuma, mbali na mlango, ambako asali hukaa, akayaacha ya watoto. Asiye mzoefu hutoa yote, mabivu na mabichi, akayakamua pamoja.

Mzinga wa Kenya, uliobuniwa nchini humo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulitafuta kuondoa tabu hiyo kwa gharama ndogo: sanduku lenye kuta zilizoinama, na juu yake vijiti vilivyopangwa bega kwa bega, kila kimoja upana wa milimita 32 hivi, kwa kuwa ndivyo nyuki wetu wanavyopenda kuachanisha masega. Nyuki wa Ulaya angetaka milimita tatu zaidi. Kila sega linaning'inia kwenye kijiti chake, na mfugaji huliinua, akaliangalia. Likiwa limefunikwa robo tatu au zaidi, anachukua. Likiwa wazi, analitikisa kidogo, na matone yakiruka analirudisha taratibu mahali pake na kufunga. Wengine wana kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma maji kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni maji yasiyozidi asilimia 20. Juu ya hapo hamira za porini, ambazo hazikosekani katika asali yoyote, hupata nafasi ya kuamka. Kuwaachia nyuki sehemu ya akiba ni lazima vilevile, maana nyuki wetu wakikosa chakula katika kiangazi cha Juni hadi Agosti hawangoji kufa. Huhama, na mzinga hubaki na nta tupu.

Mnunuzi wa Kigali naye ana swali lake, nalo nimelisikia mara nyingi: mbona asali hii imeganda, si imetiwa sukari? Asali huganda upesi zaidi penye nyuzi 14 hivi, na usiku wa Kigali hushuka nyuzi 15 au 16. Asali ileile iliyokaa majimaji mwaka mzima Dar es Salaam inaweza kuganda hapa kwa wiki chache, hasa ikiwa glukosi yake ni nyingi. Ikiganda, iweke chupa katika maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na uipe muda. Ukiichemsha, vimeng'enya vinakufa na harufu ya maua inakwenda na mvuke. Kuganda kunafichua pia jambo ambalo macho hayaoni siku ya kununua. Glukosi ikijitenga kuwa punje huyaacha maji yake kwenye majimaji yaliyobaki, na hayo huwa mepesi kuliko asali ilivyokuwa mwanzo. Asali iliyorinwa mbichi huanza kuchacha hapo, povu likapanda na mfuniko ukavimba. Iliyorinwa ikiwa imefunikwa na nyuki wenyewe hupita salama, kwa kuwa ilikaushwa vya kutosha hata majimaji yaliyobaki kati ya punje hayana maji ya kuamsha hamira.